Mbuzi wa Mgeta na Kikombe cha Mtoto

Mwaka 1988 familia kadhaa za tarafa ya Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, zilianza kufuga mbuzi wa aina isiyojulikana huko. Walikuwa mbuzi wa maziwa wa uzao wa Norway, waliofika milimani kwa ushirikiano wa Wanorway na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro. Mluguru alikuwa na mbuzi tangu zamani, ila mbuzi wake alikuwa wa nyama, wa sherehe, au wa kuuzwa siku ya shida. Kumkama halikuwa jambo la mazoea, na maziwa yake yalisemwa kuwa yananuka hata na watu ambao hawajawahi kuyaonja.

Zaidi ya miaka 35 imepita na mbuzi hao, au tuseme vizazi vyao vilivyochanganyika na mbuzi wa kienyeji, bado wapo Nyandira, Tchenzema na vijiji jirani. Jambo hili lafaa kutajwa kwa sauti, kwa sababu mila ya miradi ya misaada katika nchi zetu ni nyingine kabisa. Mradi huja na gari na semina, na fedha zinapokwisha kibao chake hubaki kando ya barabara kikiota kutu. Wa Mgeta ulipita mikononi mwa programu kadhaa za SUA na Norway, zikiwamo PANTIL katika miaka ya 2000 na EPINAV iliyofuata mwaka 2010, lakini baina ya programu moja na nyingine mbuzi waliendelea kuzaa bila kungojea bajeti. Wafugaji wakaunda chama chao, Twawose, na watu wa wilaya nyingine wakaanza kupanda Mgeta kununua mbegu.

Kwa mhudumu wa afya, hata hivyo, kudumu kwa mbuzi si kipimo kinachotosha. Mbuzi aliletwa ili maziwa yawafikie wenye uhitaji, na wa kwanza kati yao ni mtoto mdogo na mama yake. Je, yanawafikia? Na yakiwafikia, yanafika yakiwa salama?

Ni vema kuanza na mahali penyewe. Msafiri atokaye mjini Morogoro hufuata barabara ya Iringa hadi Sangasanga, kisha huacha lami na kupanda. Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake huvuka mita 2,600, ndiyo chanzo cha mito inayolisha Ruvu, na kwa hiyo ndiyo inayojaza ndoo za Dar es Salaam. Upande wa Mgeta hewa ni baridi, na miteremko imekatwa matuta yanayobeba kabichi, karoti, njegere, maharage na viazi mviringo. Magunia hushuka kwa malori kwenda Morogoro na Kariakoo. Mtu akiyaona magunia hayo atadhani watoto wa wakulima hawa ndio walioshiba kuliko wote nchini.

Sivyo mambo yalivyo. Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, haukai tu penye njaa ya wazi. Umekita mizizi hata katika mikoa inayolisha taifa, Nyanda za Juu Kusini zikiwa mfano unaotajwa kila mwaka. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 30. Ni nafuu, lakini Shirika la Afya Duniani huhesabu asilimia 30 na kuendelea kuwa kiwango cha juu sana. Mkulima wa mboga huuza mboga, hununua unga wa sembe, na mtoto hulishwa uji mweupe asubuhi na ugali jioni. Tumbo hujaa. Mwili unaotaka kujenga misuli, mifupa na ubongo haupati protini yenye ubora, wala kalsiamu, wala vitamini B12, ambayo haimo katika mimea hata kidogo. Dirisha la kurekebisha hali hiyo ni jembamba: siku 1,000 tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili.

Hapo ndipo kikombe cha maziwa kinapopata uzito wake. Maziwa ya mbuzi yana protini na kalsiamu kwa kiasi kinachokaribiana na cha maziwa ya ng'ombe, na mafuta yake huja katika chembe ndogo ndogo. Mbuzi hahitaji eneo kubwa. Hufungwa kwenye banda lililoinuliwa, lenye sakafu ya mabanzi, akaletewa majani, na mbolea yake ikidondoka chini hukusanywa na kupelekwa kwenye karoti. Kwenye mteremko ambako ng'ombe angekuwa mzigo kwa ardhi na kwa mwenye nyumba, mbuzi wa lita moja au mbili kwa siku ni kipimo kinacholingana na shamba.

Uluguru ina kumbukumbu ya msaada wa namna nyingine, na wazee hawajaisahau. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao uliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwa siku kadhaa za kila wiki, wanawake kwa wanaume. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kuzuia mmomonyoko na kulinda maji ya Ruvu. Katika maeneo mengi matuta yale yalifukua udongo usio na rutuba, mavuno yakapungua, na kazi ikawa adhabu. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukavunjika. Tofauti iliyopo kati ya matuta yale na mbuzi wa 1988 si ya ubora wa sayansi pekee. Mbuzi hakulazimishwa kwa mtu, na mwenye kumfuga aliona faida ndani ya mwaka, wakati mwanambuzi wa kwanza alipozaliwa na chungu cha kwanza kilipochemka.

Jina la Matombo lenyewe linastahili kusimamiwa kidogo. Kwa Kiluguru, tombo ni ziwa la mama, na watu huhusisha jina la mahali hapo na mawe ya mlima wake yanayofanana na maziwa ya mwanamke. Tombo pia ni jina la tawi la ukoo: watu walionyonya ziwa moja, walio wa bibi mmoja. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa upande wa mama, ardhi ya ukoo hupitia huko, na mjomba ana kauli ambayo kwingine ni ya baba. Sisemi kwamba mwanamke wa Uluguru hana taabu, kwani kazi za nyumbani humlemea kama wenzake. Lakini hukanyaga ardhi ambayo ukoo unamtambua juu yake, na hili ni jambo ambalo wafadhili wengi wanaokuja na vitabu vya miongozo vilivyoandikwa kwa ajili ya jamii za ukoo wa baba hawalitazami.

Swali la mbuzi ni wa nani basi si la upekuzi. Mashirika yanayogawa mifugo nchini, Heifer likiwa miongoni mwa yale ya mwanzo tangu miaka ya 1970, yamezoeza watu msemo wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: anayepewa jike humpa jirani jike la kwanza litakalozaliwa. Ni utaratibu mzuri, kwa kuwa humgeuza mpokeaji kuwa mtoaji na kumwondolea aibu ya kuomba. Lakini jike hukabidhiwa nani? Likiandikwa kwa jina la mume peke yake, fedha za mwanambuzi zinaweza kuishia mahali ambapo mke hazijui. Likiandikwa kwa jina la mke, au la wote wawili mbele ya mashahidi, mke hupata neno la kusema siku beberu linapouzwa. Katika jamii inayofuata ukoo wa mama kuna jambo la ziada: mume akifariki, ndugu wa ukoo wake wanaweza kudai mali yake, na mbuzi ambaye mjane amemkatia majani kwa miaka sita akaondoka na kamba yake. Karatasi moja yenye saini, iliyowekwa kwa mtendaji wa kijiji, ni dawa ya ugonjwa huo.

Upande wa pili wa sarafu ni kazi. Mbuzi wa ndani hajitafutii. Majani ya tembo na gwatemala hukatwa, hufungwa mzigo na kubebwa kichwani kupanda mteremko, mara nyingi na mama mwenye mtoto mgongoni, pengine mwenye mimba. Mama mjamzito aliye dhaifu akiongezewa safari mbili za majani kwa siku, msaada ule umemla kabla haujamlisha. Wafugaji wenye busara hupanda majani kwenye kingo za matuta karibu na banda, hivyo kingo zikashikwa na mizizi na mama akapunguziwa hatua. Waume na vijana wa kiume wanaokata majani wapo, na idadi yao haina budi kuongezeka. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito anayo nafasi ya kulisema hilo mbele ya mume siku anapoambatana na mkewe, kwa kuwa neno likitoka kwa muuguzi huonekana ni tiba wala si lawama.

Kwa watoto wa shule, faida ya mbuzi huja kwa njia mbili, na ile inayoonekana haraka ni fedha. Tangu 2016 ada imeondolewa kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, lakini mzazi yeyote anajua kwamba kuondolewa kwa ada hakukuondoa sare, viatu, madaftari, wala mchango wa chakula. Gharama hizo huangukia Januari, wakati ambao ghala la mkulima limepungua. Beberu mchanga wa uzao bora huuzika wakati wowote, na mama mwenye beberu bandani hahitaji kuuza njegere zikiwa bado changa wala kukopa kwa riba. Msichana ndiye anayenufaika zaidi hapo, kwani fedha zikipungua nyumbani yeye ndiye wa kwanza kuambiwa angoje mwaka mwingine.

Njia ya pili ni kikombe chenyewe. Mtoto anayetoka nyumbani alfajiri bila kula, akashuka na kupanda kilima kufika shuleni, hukaa darasani akiwa na sukari ndogo katika damu, akasinzia, na mwalimu akamhesabu mvivu. Kikombe cha uji ulioungwa maziwa kabla ya safari hubadili asubuhi hiyo. Watoto wakubwa na watu wazima wengi wa asili ya Kibantu humeng'enya sukari ya maziwa kwa shida, na wengine hulalamika tumbo kujaa gesi. Mara nyingi kikombe kimoja kilichonywewa pamoja na chakula huvumilika, na mtindi huvumilika zaidi. Hakuna sababu ya kumnyima mtoto maziwa moja kwa moja kwa ajili ya ngurumo za tumbo.

Sasa yafuata yale ambayo mara nyingi hayasemwi siku mbuzi anapokabidhiwa.

La kwanza ni umri. Mtoto aliye chini ya miezi sita hapaswi kupewa maziwa ya mbuzi, wala ya ng'ombe, wala maji. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha, na hili linamhusu pia mama anayeishi na virusi vya UKIMWI anayetumia dawa zake vizuri. Kuna imani iliyoenea, si Uluguru tu, kwamba maziwa ya mbuzi ni mepesi na yanafaa kumbadilisha mtoto mchanga ambaye mama yake ana maziwa machache. Imani hiyo imewahi kuleta maafa. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ujerumani na Italia waliona watoto wachanga waliolishwa maziwa ya mbuzi peke yake wakipauka na kudhoofika, wakauita ugonjwa huo upungufu wa damu wa maziwa ya mbuzi. Baadaye ikafahamika kwamba maziwa hayo yana folati kidogo mno, na bila folati uboho hauwezi kutengeneza chembe nyekundu zilizokomaa. Mtoto wa mwaka mmoja anayekula mchicha, maharage na parachichi, akaongezewa kikombe cha maziwa ya mbuzi, hayumo hatarini. Mtoto wa miezi mitatu anayenyweshwa maziwa hayo kwa chupa badala ya ziwa yumo hatarini sana.

Hata baada ya mwaka wa kwanza, wingi una mpaka. Maziwa yana madini chuma kidogo na huzuia ufyonzwaji wa madini chuma ya chakula kingine. Mtoto mdogo asipite nusu lita kwa siku, ili tumbo libaki na nafasi ya dagaa, maharage, yai na mboga. Vivyo hivyo mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu asivimeze na maziwa wala chai. Avimeze kwa maji, na maziwa ayanywe saa nyingine.

La pili ni homa. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, ambaye baadaye alikuja Uganda kuchunguza ugonjwa wa malale, aliripoti kijidudu alichokipata katika askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta. Chanzo hakikujulikana mpaka 1905, wakati Themistocles Zammit, daktari wa Kimalta, alipokikuta katika mbuzi wazima waliokuwa wakipitishwa mlango kwa mlango na kukamwa mbele ya mteja. Jeshi likapiga marufuku maziwa hayo mwaka uliofuata, na homa kambini ikapungua kwa ghafla. Ugonjwa huo leo huitwa bruselosisi. Wafugaji wetu huujua kwa dalili yake kwa mnyama: ugonjwa wa kutupa mimba.

Kwa binadamu huja kimyakimya. Homa hupanda jioni na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na maungio, uchovu usioisha, na kwa mjamzito mimba kuharibika. Mgonjwa huenda zahanati, akapewa dawa ya malaria, akarudi, akapewa dawa ya homa ya matumbo, akarudi tena. Katika hospitali mbili za Moshi, watafiti walichunguza wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa mwaka 2007 na 2008. Wagonjwa 528 walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria kwa uamuzi wa daktari. Waliothibitika kuwa nayo walikuwa 14. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, takriban robo walikuwa nayo, bruselosisi ikiwamo. Moshi si Mgeta, lakini miteremko ya juu ya Mgeta ina baridi isiyopendwa na mbu wa malaria, na kipimo cha haraka kikisoma hapana, mganga anayeandika malaria kwa mazoea anamfungia mgonjwa mlango.

Swali moja hugharimu sekunde chache: nyumbani mnafuga nini, na maziwa mnayanywaje? Jibu likielekeza huko, apewe rufaa ya kupimwa. Tiba ya mtu mzima ni doksisaiklini kwa wiki sita pamoja na rifampisini kwa muda huo huo, au pamoja na sindano za jentamaisini katika siku za mwanzo. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka minane hawapewi doksisaiklini kwa mazoea, na wahamishiwe kwa mwenye ujuzi. Kabla ya kuanza rifampisini kifua kikuu kiondolewe shaka kwanza, hasa kwa mwenye maumivu ya uti wa mgongo, kwa sababu magonjwa haya mawili hufanana hapo na dawa hiyo ikitolewa peke yake huzoesha vijidudu vya kifua kikuu. Mgonjwa aelezwe kwamba wiki sita ni wiki sita. Wengi huacha homa inapotulia katika wiki ya pili, na homa hurudi.

Hayo yote hayana maana kwamba kila mbuzi ni mgonjwa au kwamba maziwa yaogopwe. Moto wa jikoni hummaliza kijidudu huyu. Maziwa yachemshwe mpaka yapande, yakorogwe, na yapande tena. Hakuna haja ya kuyachemsha nusu saa mpaka kuni zikwishe. Mtindi utengenezwe kwa maziwa yaliyochemshwa kwanza, kwani uchachu pekee hauaminiki kuua bruselosisi. Chombo cha kukamia kioshwe kwa maji ya moto, kiwele kifutwe, mikono inawe. Na mbuzi anapozaa au kutupa mimba, kondo na damu visishikwe kwa mikono mitupu. Mifuko ya nailoni hufaa pasipokuwa na glavu. Mama mjamzito akae mbali na banda siku hiyo, amwachie mwingine kazi ya ukunga, kisha kondo lizikwe pale mbwa wasipofukua.

Harufu, ambayo ndiyo iliyowakimbiza wengi mwanzoni, nayo ina maelezo yake. Hutoka zaidi kwa beberu. Beberu likitengwa na majike, na maziwa yakakamwa kwa usafi na kuchemshwa mapema, ladha yake humshinda mtu kuitofautisha. Akina mama wanaotaka watoto wao wayapende huanza kwa kuyatia kwenye uji wa lishe bila hotuba yoyote.

Linabaki suala gumu kuliko yote, nalo ni soko. Kadiri maziwa yanavyopata bei, kwa mlango wa jirani au kwa mtindi wa kupeleka mjini, ndivyo mtoto wa mwenye mbuzi anavyoweza kuyakosa. Kuuza si kosa. Fedha ile ndiyo inayonunua daftari. Ila mtoto wa miezi kumi na minane hawezi kula daftari. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoitembelea kaya yenye mbuzi wangefanya vema kuuliza kwa utaratibu: jana mlikama kiasi gani, kiasi gani kiliuzwa, nani alikunywa kilichobaki? Majibu yakilinganishwa na mstari wa ukuaji kwenye kadi ya kliniki huonyesha mara moja kama mbuzi yule ni wa mtoto au ni wa soko. Kanuni ambayo mama anaweza kuishika bila kalamu ni hii: kikombe cha mtoto hupimwa kwanza, ndipo dumu la kuuza hujazwa.

Kuna wanawake waliolipanua wazo hilo kuvuka kizingiti cha nyumba. Nronga, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, akina mama waliunda ushirika wao wa maziwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ule ule mbuzi walipokuwa wakipanda Mgeta. Katika mila ya Wachaga ng'ombe ni wa mume lakini maziwa ni ya mke, nao wakaigeuza haki hiyo ya jikoni kuwa biashara yenye hesabu na mwenyekiti. Baadaye maziwa yao yakaingia shuleni kwa watoto. Kenya nayo ilikuwa na maziwa ya Nyayo tangu 1979, yaliyolipiwa na serikali, na watu wazima wengi wa huko huyakumbuka mpaka leo. Lakini mpango unaotegemea hazina hukauka hazina inapokauka.

Je, Mgeta yaweza? Hesabu yake si ya kutisha. Shule ya watoto 300, kila mmoja akipata robo ya lita pungufu kidogo, tuseme mililita 200, inahitaji lita 60 kwa siku moja ya maziwa. Mbuzi anayetoa lita moja na nusu, nyumba ikabakiza nusu lita, hutoa lita moja ya ziada. Zinatakiwa kaya 60 zenye jike linalokamwa, kwa siku hiyo moja. Ikiwa ni mara mbili kwa wiki, chama kinaweza kugawana zamu kwa vitongoji, na kaya isipeleke zaidi ya uwezo wake. Kinachokosekana ni jiko la shule lenye sufuria kubwa ya kuchemshia, mtu wa kusimamia usafi, na makubaliano ya nani amlipe mwenye mbuzi: wazazi kwa mchango, halmashauri, au mfadhili kwa miaka ya mwanzo. Mfadhili anayetafuta cha kufanya Uluguru angeweza kuanza na sufuria hiyo, pamoja na mabeberu mapya. Mabeberu yaliyopo yamezunguka vijiji vile vile kwa muda mrefu. Likibaki beberu moja kijijini likawapanda binti zake na wajukuu zake, wanambuzi hudhoofu na maziwa hupungua, na hakuna elimu ya lishe itakayoyarudisha kwenye kiwele.